Heshima ya Vyumba Viwili

Wananchi wa Tarime na vitongoji vyake, ninyi mliobaki Ringwani, na ninyi ndugu wa ng'ambo mnaovuka Sirari kuja kununua mahindi na kurudi na umbea: mnatangaziwa kwa heshima zote, mkiwa mmesimama na kofia mkononi, kwamba Okech mwana wa Orwa, seremala, mume wa mke mmoja na mmiliki halali wa msumeno wake mwenyewe, sasa ni mtu wa mjini. Anakaa Bomani. Ana ufunguo. Ana mwenye nyumba. Ana jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na jirani wa kwenye kenchi, ambaye ni panya. Makanisa, vyama vya ushirika na timu zote za mpira zinaombwa kulipokea jambo hili kwa uzito unaostahili.

Mwenyewe alilipokea hivyo hivyo, kwa uzito. Ringwani alikokulia, seremala anamtengenezea mtu vitu viwili tu maishani, kitanda siku anaoa na sanduku siku anakufa. Na watu wa Ringwani ni wabishi, wanachelewa kuoa na wanachelewa kufa. Bomani ni tofauti. Kila wiki kuna karani mpya, nesi mpya, mwalimu mpya, kijana aliyesikia kwamba mgodi unaajiri na kijana aliyesikia kwamba mgodi umeacha kuajiri, na wote hao, kabla hawajanunua sufuria, wanatafuta kitanda. Okech alikuja kuwatengenezea vitanda watu wanaohamia mjini. Hakufikiria kwamba kwa kufanya hivyo na yeye atakuwa amehama.

Chumba alitafutiwa na dalali, Kisyeri, mtu mwenye simu mbili na viatu visivyofanana.

"Ni kikubwa?" Okech aliuliza.

"Mura," yaani kijana kwa Kikurya, "ukimpoteza mke humo ndani itabidi umpigie simu."

"Maji?"

"Yapo."

"Umeme?"

"Upo. Fensi ipo, choo kipo, jua la asubuhi lipo. Kitu kimoja tu hakipo kwenye kile chumba, na hicho ni wewe."

Kwa maneno hayo Kisyeri alichukua hela ya kuonyesha, kisha hela ya kufungua mlango, kisha kodi ya mwezi mzima iwe shukrani yake. Siku ya kuhamia, kitanda kilipoingia, mlango ulikataa kufunguka wote. Ulifunguka nusu ukaishia hapo, kama mtu anayechungulia ugomvi wa jirani. Okech alimpigia Kisyeri. Simu ya kwanza haikupatikana, ya pili ilipokelewa na mwanamke aliyesema Kisyeri amesafiri kwenda Mugumu, na kwa nyuma ikasikika sauti ya Kisyeri ikiuliza ni nani huyo.

Kitanda chenyewe, tuseme ukweli, kilikuwa kitanda. Okech alikichonga miezi ya uchumba wake na Akello, kwa mbao nzito alizokausha mwaka mzima chini ya paa la ghala la mtama, na kwenye ubao wa kichwani alichora ndege wawili ambao wote waliowaona walisema ni kuku. Kilikuwa kitanda cha mtu mwenye nafasi. Ringwani nafasi ilikuwapo, hata ng'ombe walikuwa nayo ya kutosha hadi wakapotea ndani yake. Bomani kilikaa chumbani kama mgeni mnene aliyekaribishwa akae na hataki kuondoka. Ukitaka kuvaa suruali unapanda kitandani. Ukitaka kupika unakaa kitandani na jiko liko mlangoni. Mtoto wao, Amondi, aliyezaliwa mjini alfajiri moja ya ukungu, alijifunza kutambaa juu ya godoro kwa sababu sakafu haikuwapo.

Mwenye nyumba aliitwa Mama Ghati, mjane wa Kikurya mwenye vyumba sita vilivyopangwa mstari mmoja kama mabehewa. Yeye alikaa cha mwisho, na kutoka huko aliweza kusikia mtu akikoroga chai katika chumba cha kwanza. Alikuwa na sheria. Kupiga pasi ni Jumamosi, kwa sababu mita ya umeme ni moja na pasi ina roho mbaya. Kamba ya nguo ni ya zamu. Mgeni akilala, anachangia choo.

Lakini si sheria zilizowashinda. Kilichowashinda ni kulipia vitu ambavyo Mungu hakuviwekea bei. Siku Akello aliponunua mchicha kwa mara ya kwanza maishani, fungu dogo lililofungwa kwa uzi, alikaa kimya hadi jioni kama mtu aliyefiwa. Kwao mchicha ulikuwa kitu unachokikanyaga ukienda chooni. Maji yalikuja kwa dumu, mkaa kwa kopo. Maziwa yalikuwa na maji ndani yake, na ubaya ni kwamba maji yenyewe pia yana bei, kwa hiyo huwezi hata kulalamika kwamba umeibiwa. Jioni Okech alikaa barazani, pua juu, akitafuta harufu ya moshi wa kuni. Aliambulia harufu ya mafuta ya chapati kutoka kwa jirani.

"Unatafuta nini hewani, baba Amondi?" Akello alimwuliza.

"Nyumbani."

"Leo upepo unatoka Sirari. Jaribu kesho."

Sasa, yote hayo mtu anavumilia. Watu wamevumilia makubwa zaidi na wakanenepa. Kilichomkosesha Okech usingizi kilikuwa baba yake.

Mzee Orwa alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa jembe, na mtu wa utaratibu. Kwa Wajaluo wa utaratibu, baba hatazami kitanda cha mwanawe aliyeoa. Haingii kilipo, hakai karibu nacho, haweki kofia juu yake. Akifanya hivyo inakuja chira, na chira haina dawa hospitali: mtoto anakonda, ndoa inapooza, na wazee wanakaa wakisema tulijua. Mzee Orwa alisoma Biblia yote mara mbili akitafuta mahali ambapo jambo hilo limekatazwa, na kwa kuwa hakupaona, alihesabu kwamba limekubaliwa.

Kijijini sheria hii haigharimu hata shilingi. Nyumba ya baba iko kule, ya kijana iko hapa, katikati kuna uwanja mpana wenye kuku, na heshima inatembea humo kwa raha zake. Mjini uwanja huo unapimwa kwa futi na kukodishwa kwa mwezi. Okech aligundua, kama wanavyogundua wengi waliopanga chumba kimoja, kwamba amehamia mahali ambapo nyumba yake yote ni kitanda, na kwa hiyo baba yake hana pa kuingilia.

Mzee alikuja mara ya kwanza kumwona mjukuu. Alishuka stendi na jogoo kwapani, viazi vitamu kwenye kiroba, na ndani ya koti unga wa mtama aliouficha kana kwamba ni magendo. Akello alimsalimia kwa mbali, kichwa chini, kama inavyompasa mke wa mwana.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mtoto yuko wapi?"

Mtoto akaletwa nje. Mzee alimtazama sana, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji la uso, mtoto akapiga chafya, wote wakafurahi.

"Karibu ndani, baba," Okech alisema. Alisema kwa mdomo tu. Mwili wake ulikuwa umesimama katikati ya mlango.

Upepo ukainua pazia la mlangoni. Mzee akaona kitu.

"Hicho ni nini?"

"Mguu wa kitanda, baba."

"Umeuchonga vizuri," mzee alisema, akageuza uso kuelekea barabarani. "Kilichobaki sitaki kukiona."

Akawekewa kigoda barazani, mlangoni, akiwa ameupa mlango mgongo. Alikula hapo, sahani magotini, wapangaji wakimpita na ndoo na kumwambia pole, kwa sababu mtu anayekula nje ya mlango huwa amekosana na mtu. Okech alikula ndani, nyuma ya pazia. Walizungumza hivyo, baba na mwana, kama mtu na mhudumu wa dirishani.

Kisha ikaja mvua. Mvua ya Tarime haibishi hodi, inakuja na mawe yake. Mzee alisimama, akajibana ukutani, maji yakampiga kwenye magoti. Okech alisimama ndani akiwa na mwavuli mkononi, hajui aupeleke wapi. Akello alianza kulia kimyakimya. Ndipo mlango wa chumba cha jirani ukafunguka na Wegesa, mama wa chapati, akatoa kichwa.

"Babu! Unafanya nini huko kama kuku wa Krismasi? Ingia kwangu!"

"Asante, mama, nitasubiri ipite."

"Isubiri ukiwa umekaa! Kwani mimi ni mwanao? Kitanda changu hakikujui na wewe hukijui. Ingia, babu, kabla hujayeyuka."

Mzee alifikiri. Wegesa hakuwa mwanawe, hakuwa mke wa mwanawe, hata kabila lake lilikuwa lingine. Hapakuwa na kosa. Aliingia, chumba kile kile, ukubwa ule ule, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha mwanamke asiyemjua, akapewa taulo na chai ya tangawizi.

Okech alikaa juu ya kitanda chake na kuegemeza sikio ukutani. Aliyasikia yote. Alimsikia baba yake akisimulia habari za fisi aliyeingia kanisani Ringwani wakati wa sadaka, hadithi ambayo Okech alikuwa hajaisikia tangu akiwa mdogo. Alimsikia Wegesa akicheka hadi akakohoa. Kisha alimsikia baba yake, mtu ambaye hajawahi kuomba kitu kwa mtu, akisema, "Mama, kama imebaki, niongezee kidogo."

Ukuta ulikuwa wa tofali moja. Okech alitamani angekuwa upande wa pili wake, hata akiwa panya.

Mvua ilipoisha alimsindikiza mzee stendi. Walitembea kwa kukwepa madimbwi, mzee akitangulia, na kabla ya kupanda basi akageuka.

"Okech, nimekuja, nimemwona mtoto. Lakini kwako bado sijala. Nimekula mlangoni pako."

"Ndiyo, baba."

"Mtu ambaye baba yake hajala kwake bado yuko njiani. Nitakuja tena mara moja, baada ya mavuno. Zaidi ya hapo usinitarajie. Magoti yangu hayataki tena habari za basi."

Basi lilipoondoka, Okech alibaki amesimama pale, watu wakimgonga na mizigo yao. Mara moja. Alikuwa na nafasi moja ya kumwingiza baba yake ndani.

Jambo la kwanza walilojaribu lilikuwa pazia. Akello alishona vitenge vitatu, akavitundika kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, kitanda kikabaki nyuma, na mbele kikabaki kipande cha sakafu ambacho mtu akikaa vizuri anaweza kuitwa amekaa. Kilipendeza. Okech akapiga simu Ringwani kuomba hukumu: je, pazia ni ukuta?

Mzee Orwa hakutaka kuamua peke yake. Alilipeleka suala mashineni, kwenye foleni ya kusaga, ambako kuna watu wenye mawazo na muda. Mjadala ukachukua magunia mawili. Mmoja akasema hekalu la Yerusalemu lilikuwa na pazia na hakuna aliyelidharau. Mwingine akasema ndiyo, na tunajua lilipasuka. Mwenye mashine akasema yeye hana dini kwenye jambo hilo, ila waliomaliza kusaga waondoke. Jioni mzee akapiga simu.

"Mwanangu, tumelitazama. Ukuta ni kitu ambacho ukikiegemea huanguki. Umelielewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Pazia ukiliegemea unaangukia wapi?"

Wote wawili walijua anaangukia wapi.

Akaenda kwa Mama Ghati. Alimkuta akichambua maharage na kuwasikiliza wapangaji wake.

"Mama, shikamoo. Nina shida ya kimila."

"Marahaba. Najua. Baba yako na kitanda." Mama Ghati alirusha haragwe bovu. "Hata kwetu ni hivyo. Baba kuingia anapolala mwanae ni aibu kubwa. Ni jambo zuri sana hilo, mura, vijana wengi siku hizi wameliacha."

"Asante, mama, kwa kuelewa."

"Ninaelewa sana. Ndiyo maana namba nne nimeijenga chumba na sebule. Mwalimu anahama mwisho wa mwezi. Kodi yake ni mara mbili ya hiyo yako."

"Mama, si umesema ni mila?"

"Mila haina bei," Mama Ghati alisema. "Sebule inayo."

Mara mbili hakuwa nayo. Lakini mtu anayeshika randa kila siku, ukimwambia ukuta ni kitu cha kuegemea, tayari ameshaanza kuujenga kichwani. Okech alimwomba Ezra, mwenye karakana alikofanyia kazi, plaiwudi zilizolowana mvua ambazo hakuna mteja angezichukua. Ezra akampa, akimwambia anachukua takataka. Akakusanya na vipande vya fremu, misumari iliyonyooshwa, mabaki ya rangi ya kijani kutoka baa moja iliyofungwa. Jumapili mbili baada ya misa, chumba kizima kilipigwa nyundo, na wapangaji wote wakapata habari kwamba Okech anajenga ndani ya nyumba ya mtu.

Ulikuwa ukuta wa maana. Ulitoka sakafuni hadi kwenye kenchi, na ulikuwa na mlango mdogo wenye bawaba na kitasa cha mbao. Okech aliuegemea kwa mgongo, kwa bega, akamwita Wegesa, aliyekuwa na mwili, naye akauegemea. Haukutikisika.

"Huu ndio ukuta," Wegesa akasema. "Hata mume wangu hakuwahi kunishika hivi."

Akello aliingia akiwa na mtoto, akasimama katikati ya sebule yao mpya, akazunguka polepole.

"Baba Amondi."

"Naam."

"Dirisha liko wapi?"

Okech akatazama. Alitazama kushoto, alitazama kulia. Alikuwa ameacha kitanda mahali pake, mbali na mlango, kama inavyotakiwa, na dirisha lote la nyumba hiyo, dirisha moja, lilikuwa juu ya kitanda.

"Liko kwa kitanda."

"Kwa hiyo kitanda kitapumua," Akello akasema, "na baba yako?"

"Tutaacha mlango wazi."

"Wa nje?"

"Wa nje."

"Na watu wa nje?"

Plaiwudi ilikuwa imekwisha, misumari ilikuwa imekwisha, na kitanda kile hakikuwa na njia nyingine ya kukaa. Alikijenga mwenyewe kikubwa, akiwa na nafasi.

Mama Ghati alikuja kesho yake. Alibisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaingia, akafungua mlango mdogo, akaufunga, akagonga plaiwudi kwa vidole kama mtu anayenunua tikiti maji.

"Umejenga vizuri."

"Asante, mama."

"Hiki sasa ni chumba na sebule."

Okech aliweka kiganja juu ya plaiwudi. "Mama, ukuta ni wangu."

"Ni wako. Sijausemea. Lakini kabla hujaujenga nilikuwa na chumba kimoja hapa, leo nina viwili. Vimezaliwa kwenye nyumba yangu. Ng'ombe wako akipandwa na dume la jirani, ndama ni wa nani?"

"Wa mwenye ng'ombe jike."

"Umesema mwenyewe, mura. Na jike hapa ni nani?"

Wegesa, aliyekuwa akisikiliza nje, alicheka hadi akaunguza chapati. Okech alibishana hadi jua lilipozama. Alisema ataubomoa. Mama Ghati akasema abomoe, ni haki yake, na atampa pole. Alisema atahama. Mama Ghati akasema Kisyeri amesharudi kutoka Mugumu. Mwisho walipatana: si mara mbili, ila nusu juu, kuanzia mwezi wa mavuno.

Akello na Okech walikaa upande wa kitanda, chini ya dirisha lao, wakatafuta itoke wapi hiyo nusu. Nyama walikuwa wameshaiacha. Kitu kilichobaki kilikuwa nauli ya Krismasi, waliyoiweka kidogokidogo kwenye kopo la maziwa ya unga. Walikuwa hawajakanyaga Ringwani tangu wahame. Akello alikuwa ameshapanga hadi gauni, hadi atakapokaa kanisani, hadi mtu ambaye hatamsalimia. Okech alikuwa amepanga jambo moja tu: kuvua viatu akifika shambani, na kutembea.

"Tukiitoa hii, hatuendi," Akello akasema.

"Tusipoitoa, haingii."

Akello alishika kopo muda mrefu. "Mpe," akasema. "Lakini umwambie Mama Ghati huyo ndama amekula Krismasi yangu."

Basi wakaacha kwenda nyumbani ili nyumbani kuje kwao.

Mzee Orwa alikuja baada ya mavuno, kama alivyosema. Safari hii alikuwa na fimbo. Kutoka stendi hadi Bomani walisimama mara nyingi, mzee akijifanya anatazama maduka. Habari zilikuwa zimetangulia. Wapangaji wote wa Mama Ghati walikuwa nje na kazi za kubuni: mmoja anafua nguo safi, mwingine anachagua mchele uliokwisha chaguliwa. Mama Ghati alikaa kwenye kiti chake mlangoni kama mgeni rasmi.

"Karibu ndani, baba," Okech alisema. Safari hii alisogea pembeni.

Mzee aliinua pazia kwa fimbo, kwa tahadhari ya mtu anayefunua mzinga. Akaona meza ndogo. Akaona vigoda viwili. Akaona ukuta wa kijani, mzima, na mlango mdogo uliofungwa. Alisimama hapo, fimbo bado imeinua pazia. Kisha akavua kofia, akainama, akaingia.

Alikaa, na Okech akakaa mbele yake. Sebule ilikuwa nyembamba kiasi kwamba magoti yao yaligusana, na ilibidi mmoja ayafungue na mwingine ayabane, kama meno ya zipu. Akello alileta maji ya kunawa, akaleta ugali wa mtama na kuku, akafunga mlango wa nje ili watu wasiendelee kuchungulia, akapita mlango mdogo na kukaa na mtoto upande wa kitanda. Mzee aliomba. Aliomba kwa Kijaluo, sala ndefu, akamtajia Mungu majina ya waliotangulia mmoja mmoja, kisha akamtajia namba ya nyumba. Akamega ugali, akachovya, akala. Okech alimtazama akitafuna. Hakugusa chakula chake. Alikuwa akihofia kwamba akimeza atalia.

"Mke wako anapika," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Haya. Nimekula kwako."

Okech aliitikia kwa kichwa tu. Miezi yote ile, Jumapili zile mbili, Krismasi ile, vyote vilikuwa kwa ajili ya maneno hayo mawili. Alikuwa amefikiri yatakuwa mengi zaidi.

Jua la saa saba lilikuwa juu ya bati, na hapakuwa na dari kati ya bati na kipara cha mzee. Mlango umefungwa, ukuta haukupitisha hata fununu ya upepo. Jasho lilimtoka mzee kwenye paji, likashuka puani, likadondoka mezani. Alifuta. Likadondoka tena. Alifungua kifungo cha koti, kisha cha pili, kisha akatazama kuzunguka kama mtu anayetafuta dirisha kwa adabu.

"Okech."

"Baba."

"Kuna joto humu."

"Ndiyo, baba."

"Tutoke nje."

Wakatoka. Vigoda vikatolewa vikawekwa barazani, na mzee akakaa pale pale alipokaa mara ya kwanza, mgongo kwenye mlango, upepo ukampiga, akashusha pumzi. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii Okech naye alikaa nje. Walikaa bega kwa bega wakitazama barabara. Ilipita pikipiki yenye godoro, ikapita nyingine yenye kabati.

"Watu wanahama sana," mzee akasema.

"Sana, baba. Ndiyo kazi yangu."

Mzee alichora kitu vumbini kwa fimbo, akakifuta.

"Ile nyumba yako kule Ringwani," akasema, sauti ya chini, isifike chumba cha mwisho. "Mbuzi walikuwa wameanza kulala humo. Nimewatoa."

Okech alitazama viatu vyake.

"Na lile paa, upande wa mvua, nimeliziba. Magoti hayakupenda, lakini nimeliziba." Alikohoa. "Sikuambii urudi. Kila mtu na kazi yake. Nakuambia tu mbuzi hawamo."

"Sawa, baba."

"Nimefagia pia."

"Sawa."

Walikaa hapo hadi muda wa basi. Stendi mzee alipanda kwa shida, akisukumwa na kondakta, akapata kiti cha dirishani. Hakupunga mkono, hakuwa mtu wa kupunga. Alimtazama mwanawe kupitia kioo, basi likaondoka na uso wake bado umegeuka.

Okech alirudi kwa njia ndefu. Alipita karakana bila kuingia. Alipita soko, akasimama mbele ya mama mmoja wa mboga, akashika fungu la mchicha, akalinusa, akalirudisha, na yule mama akamwambia mchicha si ua. Alipofika nyumbani, hakuna mpangaji hata mmoja aliyekuwa ameingia ndani. Wegesa alikuwa amezima jiko ili asikie vizuri. Mama Ghati alikuwa amesogeza kiti chake kutoka chumba cha mwisho hadi cha tatu. Akello alisimama mlangoni, mtoto begani, na macho yake yalikuwa yakiuliza kwa nguvu kuliko midomo ya wote.

"Baba Amondi!" Wegesa akaita. "Usitufiche. Mzee ameingia, amekaa, amekula, mmekaa hapa nje mkinong'ona kama wachumba. Amesemaje juu ya nyumba?"

Okech alivua viatu, akaviweka sawasawa kando ya mlango, akainua pazia.

"Amesema kuna joto."